Mwenye Leseni ya Mafuta Wembere Ajulikane

Katika bonde la Eyasi na mbuga ya Wembere, ambako mkoa wa Singida unapakana na mikoa ya Tabora, Simiyu na Arusha, Taifa letu linatafuta mafuta na gesi asilia. Kazi hiyo inafanywa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Ndege zimepita angani kupima mvuto na usumaku wa miamba. Visima vitatu vifupi vya uchunguzi vimechimbwa katika wilaya za Iramba, Igunga na Meatu. Na baada ya hapo wataalamu wamepitisha mitetemo ardhini ili kujua tabaka za mawe zimekaa namna gani. Hakuna pipa hata moja la mafuta lililokwisha kutolewa huko, na hakuna mtu mkweli awezaye kuapa kwamba litatoka.

Hata hivyo maneno yamekwisha kuyatangulia mafuta. Katika minada ya ng'ombe na penye magulio ya dengu na alizeti, utasikia mtu akisema kwamba Wembere imeuzwa. Mwingine atasema imekodishwa kwa wazungu. Wa tatu atadai kwamba ni mali ya yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye mlango wa gari lililopita jana. Na yupo anayeamini kwamba mwenye shamba ndiye mwenye kila kilicho chini ya shamba hilo, hata kama ni kina cha maili mbili.

Haya si mazungumzo ya kupuuzwa. Mwananchi asiyejua ni nani mwenye leseni ya mafuta katika eneo lake hajui amdai nani fidia mazao yake yakikanyagwa, hajui amshitaki nani maji yakichafuliwa, wala hajui amwulize nani siku mapato yatakapoanza kuhesabiwa. Ndiyo maana gazeti hili linaona kwamba umefika wakati wa kulieleza jambo hili kwa lugha nyepesi, na pia wa kuwakumbusha maofisa wanaohusika wajibu wao.

Msomaji wetu wa Wete au Makunduchi huenda akauliza kwamba Wembere, iliyo mbali na bahari, inamhusu nini. Inamhusu sana. Swali la nani mwenye mafuta limewashughulisha watu wa Visiwani kwa miaka mingi kuliko watu wa Bara, na wamekwisha kuonja gharama ya kukosa jibu lake. Tutalirudia jambo hilo hapa chini, kwa kuwa lina mafunzo kwa Singida.

Kwanza kabisa hapana budi tutenganishe vitu vinne ambavyo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa kuwa kimoja.

Cha kwanza ni mafuta yenyewe yakiwa bado ardhini. Hayo ni mali ya umma. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inayaweka mikononi mwa Jamhuri ya Muungano kwa niaba ya wananchi, na Sheria ya mwaka 2017 juu ya mamlaka ya kudumu ya nchi kwa utajiri na maliasili zake ikakazia msingi huo huo. Msingi wenyewe si mpya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuyataja madini na mafuta miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya wananchi, na TPDC yenyewe iliundwa mwaka 1969 katika moto wa siasa hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba mafuta ya Wembere yameuzwa yangali ardhini, anasema jambo lisilowezekana kisheria. Hakuna mtu, kijiji, wala kampuni yenye uwezo wa kuyauza.

Cha pili ni leseni. Leseni ni ruhusa ya Serikali ya kutafuta au kuchimba mafuta katika eneo lililopimwa, ambalo huitwa kitalu, kwa muda uliotajwa na kwa masharti yaliyotajwa. Leseni si hati ya kumiliki. Mwenye leseni ni kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuvua katika ziwa la kijiji: samaki hawawi wake mpaka awe amewavua kwa masharti aliyowekewa, na ziwa haliwi lake kamwe. Kwa mujibu wa sheria yetu ya mwaka 2015, leseni za utafutaji na za uendelezaji wa mafuta hutolewa kwa TPDC, shirika la umma. Basi mwananchi akiulizwa ni nani mwenye leseni, ajue kwamba kwa upande wa Bara jibu la kwanza ni TPDC, hata pale ambapo mitambo yote anayoiona ina majina ya kigeni.

Cha tatu ni mkataba. TPDC ikiwa haina fedha au utaalamu wa kutosha, huingia pamoja na Serikali katika mkataba wa kugawana uzalishaji na kampuni. Kampuni hiyo ni mkandarasi. Huleta mtaji wake na kubeba hasara ikiwa kisima kitakuwa kikavu. Mafuta au gesi ikipatikana, hurudishiwa gharama zake kutokana na mazao ya kisima, na kinachobaki hugawanywa kati yake na TPDC kwa viwango vilivyoandikwa. Serikali nayo huchukua mrabaha, ambao kwa visima vya nchi kavu sheria imeuweka kuwa asilimia 12.5. Hapa ndipo penye siri ya utajiri au umaskini wa Taifa. Leseni inaweza kuwa na jina zuri la shirika la umma, lakini mkataba ulio nyuma yake ndio unaosema nani atakula nini.

Cha nne ni ardhi ya juu: shamba la alizeti, malisho, makaburi, kisima cha maji, na pori analowinda na kuchimba mizizi Mhadzabe wa Munguli katika wilaya ya Mkalama. Hiyo haimo katika leseni. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na kijiji chenyewe kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Mwenye leseni ya mafuta anapotaka kuitumia, au anapoharibu mazao, miti na majengo yaliyo juu yake, sheria inamtaka alipe fidia ya haki. Mkulima hana hisa katika mafuta yaliyo chini ya jembe lake, lakini ana haki kamili juu ya kile jembe lake lilichokilima.

Mtu akivishika vitu hivi vinne, mafuta ya Taifa, leseni ya TPDC, mkataba wa kampuni, na ardhi ya kijiji, hatadanganywa kwa urahisi. Akivichanganya, basi kila tapeli mwenye mkoba na ramani atakuwa mwalimu wake. Na matapeli hawakosi. Popote jina la mafuta linapotajwa, walanguzi wa ardhi hufika kabla ya mitambo, wakinunua mashamba kwa bei ya kutupa na kuwaambia wenyeji kwamba Serikali itawafukuza bure. Mkutano mkuu wa kijiji unaojua sheria hauwezi kuingia katika mtego huo.

Sasa tutazame mifano, maana mfano hufundisha kuliko hotuba.

Katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia. Kampuni hiyo iliona kwamba gesi haina faida ya kutosha, ikaondoka. TPDC, ambayo wakati huo ilikuwa changa, ndiyo iliyobaki na kisima. Gesi hiyo ilianza kutumika kibiashara mwaka 2004. Leseni ya uendelezaji ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, na mwenye leseni ni TPDC. Lakini wananchi wengi kwa miaka yote hiyo wamekuwa wakilitaja jina la mkandarasi, PanAfrican Energy Tanzania, kana kwamba ndiye mwenye kisiwa. Kosa hilo linaonekana dogo. Lakini leseni yenye mwanzo ina mwisho, na siku ya mwisho ikikaribia, anayedhani kwamba kampuni ndiyo mwenye mali hataona sababu ya kuuliza kwa nini isiongezewe muda, au iongezewe kwa masharti gani. Anayejua kwamba mali ni yake, na kwamba leseni iko mikononi mwa shirika lake, atauliza.

Mfano wa pili ni Mnazi Bay, Mtwara, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982. Humo kampuni ya Ufaransa ya Maurel & Prom ndiyo mwendeshaji, na kwa muda mrefu ilikuwa na mshirika wake, Wentworth Resources. Mwaka 2022 Maurel & Prom ilitangaza nia ya kuinunua Wentworth. TPDC haikukaa kimya. Ilitumia haki yake iliyomo katika mkataba na kudai sehemu ya hisa zilizokuwa zinabadilisha mikono, na matokeo yake ni kwamba fungu la TPDC lilipanda kutoka asilimia 20 hadi 40, na la Maurel & Prom likawa asilimia 60. Hapa pana somo kubwa. Haki ile ilikuwa na maana kwa sababu shirika lilijua, na lilijua kwa wakati, ni nani anamwuzia nani. Lingelala, biashara ingekwisha huko London, na Mtanzania angesikia habari kama anavyosikia habari za hali ya hewa ya ng'ambo.

Watu wa Singida nao wana mfano wao nyumbani, ingawa si wa mafuta. Mkoa huu si mgeni wa madini. Wajerumani walianza kuchimba dhahabu Sekenke, wilayani Iramba, mwaka 1909, na dhahabu ya huko ndiyo inayotajwa katika historia ya sarafu za rupia 15 zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Mwenyeji wa Iramba hakuulizwa lolote juu ya leseni ya Sekenke, kwa kuwa wakati huo hata yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali ya mtawala. Leo hali ni nyingine. Katika wilaya ya Ikungi, mgodi wa dhahabu wa Singida ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023 ukiwa chini ya Shanta Gold. Mwaka uliofuata, 2024, Shanta Gold ilinunuliwa na Saturn Resources, kampuni iliyo chini ya ETC Holdings ya Mauritius. Ununuzi wa namna hiyo ni halali, na hatusemi kwamba una dosari. Tunachouliza ni hiki: ni wananchi wangapi wa Mang'onyi walioelezwa kwa Kiswahili kwamba mwenye mgodi wa mwaka jana siye mwenye mgodi wa mwaka huu? Kibao cha njiani hakisemi habari za soko la hisa.

Halafu kuna bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo hupita katika mikoa minane ya Tanzania, Singida ikiwa mmojawapo. Wananchi wa Iramba, Mkalama na Singida Vijijini wameliona likipita. Baadhi yao sasa wanadhani kwamba bomba hilo na utafutaji wa Wembere ni jambo moja. Si jambo moja. Mafuta ya bombani ni ya Uganda, na bomba ni la kampuni ambamo TotalEnergies ya Ufaransa iliandikishwa kuwa na asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC 15, na CNOOC ya China 8. Njia ya bomba si leseni ya kuchimba, na aliyelipwa fidia kwa ajili ya bomba hakuuza haki yoyote juu ya mafuta ya Wembere. Juu ya hayo, eneo lile lile la Eyasi liliwahi kuwekewa leseni za kutafuta gesi ya heliamu, ambazo hutolewa kwa sheria ya madini na kuandikishwa katika Tume ya Madini, wala si katika vitabu vya petroli. Basi mzee wa kijiji anaweza kupokea wageni watatu katika mwezi mmoja, kila mmoja na karatasi yake, kila karatasi na ofisi yake, na wote watatu wakajiita watu wa utafiti. Ni nani atakayemlaumu akichanganyikiwa?

Tulisema tutarudi Visiwani. Mwaka 1968 rasilimali ya mafuta na gesi asilia iliongezwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Kwa miongo mingi jambo hilo halikuleta mjadala mkubwa, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kujadili. Lakini mwaka 2002 vitalu namba 9, 10, 11 na 12, vilivyo katika bahari ya Unguja na Pemba, vilipotengwa kwa kampuni ya Shell, swali likafumuka: nani mwenye mamlaka ya kutoa leseni hapa, na mapato yataingia katika hazina ipi? Miaka zaidi ya kumi ikapita. Kampuni haikuchimba, Zanzibar haikupata, na Bara haikupata. Bahari ilibaki na siri yake, na watu wakabaki na manung'uniko yao.

Mlango ulifunguliwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, iliyotambua kwamba shughuli za mafuta na gesi Zanzibar zitasimamiwa kwa sheria za Zanzibar. Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake mwaka 2016, na chini yake ikaundwa mamlaka ya udhibiti, ZPRA, na kampuni ya umma ya mafuta, ZPDC. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas ya Ras al Khaimah kwa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Na mwaka 2024 vitalu vingine vikatangazwa kwa wawekezaji. Wapo wanaosheria wanaoendelea kuuliza kama Katiba na sheria hizo mbili vimekaa sawasawa, na mjadala huo una mahali pake. Lakini mwananchi wa Micheweni anapaswa kujua kwamba daftari la kitalu kilicho mbele ya pwani yake liko Zanzibar, na la Wembere liko Bara, chini ya Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, yaani PURA. Akijua hivyo atabisha hodi mlango unaostahili.

Somo la Visiwani kwa Singida ni hili: swali la mwenye leseni lisipojibiwa mapema na hadharani, halifi, hukaa chini kama moto wa pumba. Mtwara nako kulitufundisha kwa uchungu zaidi. Mwaka 2013 wananchi walipoona bomba la gesi likielekea Dar es Salaam bila kupata maelezo yaliyowaridhisha juu ya fungu lao, ghasia zilizuka na watu wakapoteza maisha. Hakuna gharama ya kuitisha mikutano ya hadhara iliyowahi kukaribia gharama ya siku zile.

Sasa tugeukie ofisi. Sheria hazikosekani. Sheria ya uwazi na uwajibikaji katika sekta ya uziduaji, iliyopitishwa mwaka 2015, inamtaka Waziri atangaze mikataba na leseni zote za madini, mafuta na gesi, pamoja na majina ya watu wenye hisa katika kampuni hizo. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa kumwandikisha kwa msajili mtu halisi anayenufaika, yaani yule anayesimama nyuma ya pazia la kampuni. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika mapato ya rasilimali hizo mwaka 2009. Kwa maandishi, basi, nchi yetu haina la kuonea haya.

Lakini maandishi ni jambo moja na desturi ya ofisi ni jambo jingine. Kwa miaka mingi baada ya mwaka 2015 mikataba mingi ya mafuta na gesi iliendelea kubaki kabatini. Hatujasahau kwamba Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliamuru viongozi wawili wa TPDC washikwe na polisi kwa sababu mikataba ya gesi haikuletwa mbele ya Kamati. Ikiwa wabunge, wenye mamlaka ya Katiba, walifikishwa mahali pa kuita polisi ili waone karatasi, mkulima wa Wembere ataitumia njia gani?

Tunajua majibu yanayotolewa. Huambiwa kwamba mikataba ina siri za biashara. Yamo mambo ambayo kweli ni ya siri: matokeo ya mitetemo, tathmini za wataalamu, mipango ya zabuni ambayo mshindani angeweza kuiiba. Hayo hatuyaombi. Lakini jina la mwenye leseni si siri ya biashara. Namba ya kitalu, mipaka yake, tarehe ya kuanza na ya kwisha, jina la mkandarasi, fungu la kila mshirika, na ofisi ya kuulizwa: hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kumtajirisha mshindani, na yote yanaweza kumwokoa mwananchi.

Huambiwa pia kwamba ni mapema mno kuyasema haya, kwa kuwa mafuta bado hayajapatikana. Sisi tunaona kinyume chake. Kabla ya mafuta kupatikana, TPDC ni yenyewe katika Wembere, na daftari lake ni fupi na rahisi kusomeka. Siku dalili njema zitakapotangazwa, wageni watakuja, mikataba itaandikwa, hisa zitagawanywa, zitauzwa na kuuzwa tena, na daftari litakuwa nene. Aliyeanza kulisoma kwenye ukurasa wa kwanza atafuata hadithi yote. Atakayeanzia ukurasa wa mia ataambiwa kwamba mambo haya ni ya kitaalamu. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari lililofungiwa kabatini halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwapo.

Tena yako mambo ya fedha ambayo yanazihusu halmashauri moja kwa moja. Halmashauri ya Kilwa imekuwa ikipokea ushuru wa huduma unaotokana na gesi ya Songo Songo. Ushuru wa namna hiyo hukadiriwa kwa mauzo ya yule anayefanya biashara. Halmashauri isiyojua ni nani mwendeshaji, ni nani mshirika, na ni nani aliyeuza kiasi gani, itapokea chochote itakachopewa na kushukuru. Mweka hazina wa Iramba au Mkalama anayengoja visima vichimbwe ndipo ajifunze hesabu hizi, atakuwa amechelewa.

Kwa sababu hizo tunatoa mapendekezo machache, ambayo hayahitaji sheria mpya wala fedha nyingi.

Kwanza, PURA na TPDC wachape karatasi moja kwa kila kitalu, kwa Kiswahili safi, yenye namba ya leseni, mwenye leseni, mkandarasi kama yupo, fungu la kila mshirika, tarehe ya kuanza na kwisha, na ramani inayotaja vijiji badala ya namba za latitudo peke yake. Karatasi hiyo ibandikwe katika ofisi za kata na vijiji vyote vinavyoguswa, na ibadilishwe kila mara jina linapobadilika.

Pili, ofisi za wakuu wa wilaya za Iramba na Mkalama ziweke jalada moja la leseni zote zilizomo wilayani: za petroli, za madini, za chumvi na za gesi ya heliamu, ili mwananchi asizungushwe kutoka ofisi hadi ofisi. Kila mgeni anayeingia kijijini kwa jina la utafiti aonyeshe karatasi yake, nayo ilinganishwe na jalada hilo kabla hajapewa mwenyeji wa kumwongoza.

Tatu, kampuni yenye fungu katika kitalu chochote inapouzwa, hata ikiwa mauzo yamefanyika nje ya nchi, taarifa itolewe katika magazeti ya Kiswahili na katika mikutano ya vijiji. Ridhaa ya Waziri juu ya uhamisho wa leseni au fungu isiwe barua ya watu wawili.

Nne, ZPRA na PURA zishauriane na kutumia mfano mmoja wa karatasi hizo, ili mvuvi wa Pemba na mfugaji wa Wembere waweze kusoma daftari la mwenzake kwa urahisi kama anavyosoma lake. Mamlaka ni mbili, na ni sawa ziwe mbili. Lakini wananchi ni wa nchi moja, na wanayo haki ya kulinganisha. Mkataba mzuri wa upande mmoja uwe kipimo cha mkataba wa upande wa pili.

Na tano, Bunge na Baraza la Wawakilishi waulize kila mwaka swali moja lisilobadilika: ni leseni na mikataba mingapi iliyopo, na ni mingapi kati ya hiyo iliyokwisha kutangazwa kwa ukamilifu? Waziri akijibu kwa tarakimu mbili, Taifa litajua limefika wapi.

Kwa wananchi nao tuna neno. Haki ya kujua haimletei mtu faida akiwa amekaa barazani akilalamika. Kamati za vijiji ziulize kwa barua, na ziweke nakala. Masheha na wenyeviti wa vijiji wasiogope kumwambia mgeni angoje mpaka karatasi yake isomwe. Walimu wa shule za sekondari za Kiomboi na Nduguti, za Wete na Chake Chake, wawafundishe vijana tofauti kati ya mwenye mali, mwenye leseni na mkandarasi, kwa kuwa vijana hao ndio watakaokuwa watu wazima siku leseni za leo zitakapofikia mwisho wake. Leseni ya uendelezaji ya miaka 25 ni umri wa kizazi kizima.

TPDC haina sababu ya kuona haya kuwa mwenye leseni ya Wembere. Shirika hilo lilibaki Songo Songo AGIP ilipoondoka, na liliisimamia haki yetu Mnazi Bay hisa zilipokuwa zinahama. Ni rekodi ya kutangazwa kwa fahari. Basi na litangaze: lisimame mbele ya watu wa Iramba, Mkalama na Wembere yote, liseme kwamba leseni ni yetu na tumeishika kwa niaba yenu, masharti yake ni haya, mkiona tumekosea, ofisi yetu ni ile. Serikali iliyokabidhiwa mali ya watu haipungukiwi heshima inapowaonyesha hesabu yake, wala wananchi hawakosi adabu wanapoiomba.